Marangu au Tukuyu? Siku nne ubavuni mwa volkano

Shemeji yangu anafundisha jiografia Morogoro. Kila mwaka anawachorea wanafunzi ubaoni koni ya volkano, kasoko (shimo lililo mdomoni mwake) na ziwa lililojaa ndani ya kasoko, na kila mwaka anaahidi kuipeleka familia yake ikavione vitu hivyo kwa macho. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa ameshaamua kwenda, ila hajajua wapi. "Marangu au Tukuyu?" Wasafiri ni watano: yeye, dada yangu, watoto wawili wa darasa la tano na la saba, na mama yetu, ambaye magoti yake siku hizi hayataki ngazi. Siku wanazo nne, zikizidi sana tano.

Nilimwomba muda kabla ya kujibu. Miji yote miwili nimeilala zaidi ya mara moja, na yote naipenda, kwa hiyo jibu la harakaharaka lingekuwa la upendeleo tu.

Kwa juujuu inafanana kama ndugu. Kila mmoja umekaa kwenye mteremko wa volkano, Marangu wa Kilimanjaro na Tukuyu wa Rungwe kule Mbeya, una baridi ya kuvalia sweta, migomba imesimama mpaka mlangoni, wamisionari wa Kijerumani walifika miaka ya 1890, na Wajerumani wa serikali nao wakaja. Ndiyo maana watu huichukulia kana kwamba ukiona mmoja umeona na mwingine. Sivyo hata kidogo. Marangu unakwenda kuwaona watu waliojenga maisha yao yote juu ya mlima. Tukuyu unakwenda kuiona volkano yenyewe. Ukishajua unakitaka kipi kati ya hivyo viwili, mengine yote ni kupanga nauli.

Volkano unaiona wapi hasa?

Hapa ndipo wengi hudhania kinyume. Kilimanjaro ndiyo volkano ndefu kuliko zote Afrika, mita 5,895, lakini ukiwa Marangu huioni kama volkano. Umesimama kwenye ubavu wake wa kusini-mashariki, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyebebwa mgongoni haoni uso wa aliyembeba. Unachokiona ni migomba, mibuni chini ya migomba, mifereji ya maji, na mabonde membamba yaliyochongwa na mito inayotoka msituni. Alfajiri mawingu yakipasuka, Kibo anajitokeza na barafu yake, na pembeni Mawenzi na meno yake. Mara nyingi ifikapo saa tatu asubuhi mlima umeshajifunika, na ukichelewa kuamka umeukosa mpaka jioni, au mpaka kesho.

Mlima huo ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Mbili za kwanza zimekufa, Kibo amelala. Kule juu kabisa, ndani ya kasoko ya Kibo, bado kuna matundu yanayotoa gesi yenye harufu ya kibiriti, lakini hilo ni la wapanda mlima wa siku tano au sita. Mgeni wa siku moja anaweza kupanda kutoka geti la Marangu, lililo mita 1,880 hivi, kupitia msitu wa mbega mpaka kibanda cha Mandara, mita 2,720. Ni mwendo wa saa tatu mpaka nne. Ukifika hapo usigeuze bado. Dakika kama kumi na tano mbele kuna Maundi, kasoko ndogo iliyoota majani, na ukitembea ukingoni mwake unaiona nchi tambarare ya Taveta upande wa Kenya imelala chini kama mkeka. Kwa mtu asiyekwenda kileleni, Maundi ndiyo kasoko ya Marangu. Ni nzuri, lakini lazima uambiwe kwamba ni kasoko, vinginevyo utadhani ni shimo la majani.

Tukuyu ni habari nyingine. Mji upo mita kama 1,500 mpaka 1,600, na juu yake mlima Rungwe umesimama, mita 2,960 hivi, mara nyingi ukiwa na kilemba cha wingu. Hapa hakuna mlima mmoja wa kushangaa. Volkano imetawanyika nchi nzima. Ni mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Nyasa, na ardhi ikipasuka pande tatu hivyo, moto una njia nyingi za kutokea. Volkano kubwa ni tatu: Ngozi, Rungwe na Kyejo. Wanajiolojia wanasema Rungwe ililipuka mlipuko mkubwa miaka kama 4,000 iliyopita, na jivu la Ngozi lililo juu kabisa halijafikisha hata miaka 1,000. Kyejo ndiye mdogo wao, na lava yake ya mwisho ilitiririka mnamo mwaka 1800. Ni juzi tu. Babu wa babu wa watu waliopo sokoni leo angeweza kuuona ule moto.

Kwa hiyo kila unapogeuka unakanyaga kazi yake. Kwenye kingo za barabara zilizokatwa utaona tabaka la vijiwe vyeupe vyepesi kama sponji. Chukua kimoja, kitupe kwenye ndoo ya maji: kinaelea. Mtoto wa darasa la tano akiona jiwe linaelea hahitaji tena kuelezwa gesi ya kwenye magma. Mto Kiwira unapita chini ya Daraja la Mungu, daraja la mwamba lililoachwa na lava iliyoganda juu ya mto, na maji yakaendelea kupita chini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mto huohuo, karibu na Chuo cha Magereza Kiwira, unaingia Kijungu, shimo la mwamba ambamo maji yanazunguka na kuchemka povu bila moto, kisha yanapotelea chini ya jiwe na kutokea mbele.

Na kuna maziwa. Ngozi kwanza: kasoko kubwa iliyobomokea ndani, yenye ziwa la urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Unapanda msituni bila kuona chochote, majani yamekufunika, halafu ghafla msitu unakatika na ziwa lipo mita mia mbili chini ya miguu yako, la kijani, kimya, kuta zimelizunguka pande zote. Nimefika pale mara tatu, na mara zote kundi zima lilinyamaza bila kuambiwa. Kisha kuna Kisiba, ambalo wengi huliita Masoko, ziwa la duara ndani ya kasoko ndogo, safari ya kilomita kumi na kitu kusini-mashariki mwa mji. Watafiti walitoboa tope la chini ya ziwa hilo wakatoa nguzo ya karibu mita 40 yenye kumbukumbu za hali ya hewa za miaka zaidi ya 40,000, tabaka juu ya tabaka. Yapo mengine madogo, Ikapu na Chungululu na mengineyo, ambayo wenyeji huyapita kama sisi tunavyopita bwawa la kijiji.

Hata soda inahusika. Gesi ya ukaa inatoka ardhini maeneo ya Kyejo, inavunwa, inasafishwa na kuuzwa viwandani, na sehemu yake huishia kwenye vinywaji vyenye mapovu. Nilipomwambia shemeji hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo peke yake ni kipindi kizima." Nikamwonya jambo moja: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa kwenye mabonde madogo na mashimo, kwa hiyo watoto wasiingie kila shimo wanaloliona. Wenyeji wanayajua ya hatari, waulizwe.

Kwa kipengele hiki Tukuyu inashinda, na haishindi kwa chupuchupu.

Historia: ipo kote, inasimuliwa kumoja

Marangu ndiko alikoanzia kupanda Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller kabla ya kufika kileleni, wa kwanza kuandikwa kufika huko, tarehe 6 Oktoba 1889. Waliandaa safari kwa Mangi Marealle, mtawala wa Marangu, aliyejua vizuri mgeni ni wa kutumiwa vipi. Getini kuna kumbukumbu ya Meyer na pia ya Waafrika waliokuwa naye. Nakuomba usiipite hiyo ya pili kwa haraka. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilitaja jina la Mjerumani peke yake. Mwaka 1989, wakati wa kuadhimisha miaka 100, ndipo mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alipotambuliwa rasmi kuwa kiongozi wa njia wa safari ile. Alifariki mwaka 1996, na ukoo wa Lauwo upo hadi leo. Wapo wanaojadiliana kama ilikuwa safari hiyo hasa au nyingine iliyofuata, ila hakuna anayebisha kwamba wageni hawakujiongoza wenyewe msituni.

Mbali na mlima, Marangu ina jambo ambalo mimi nalithamini kuliko kilele. Ni kihamba, shamba la nyumbani la ukoo. Ukiingia kwenye kihamba cha Mchagga na mwenye nacho akakutembeza, utaelewa volkano imewafanyia nini watu: udongo mwekundu usiochoka, juu miti mirefu, chini yake migomba, chini yake mibuni, chini yake magimbi na maharage, ng'ombe zizini wakikatiwa majani, na mfereji uliochimbwa na mababu ukileta maji ya mlimani kwa zamu. Masale yamepandwa mpakani. Jani la sale ndilo lililopelekwa kuomba msamaha, na kwa wazee lingali na uzito wake. Kahawa ya milimani hapa ilianza kwa wamisionari wa Kilema, jirani kabisa, na wakulima wenyewe wakaigeuza kuwa nguvu yao. Chama cha kwanza kilianzishwa 1925, kisha KNCU mwaka 1933, chama kikuu cha ushirika ambacho kimesomesha watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Mama yetu alisoma kwa kahawa ya baba yake, ingawa si ya huku, kwa hiyo hapa najua atasimama muda mrefu.

Kuna pia mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono, ambamo watu walijificha na mifugo yao wakati wa vita na uvamizi. Ukipinda mgongo ukaingia, kiongozi akazima tochi, unaelewa hofu ilikuwaje. Kule Mamba, eneo la jirani, wahunzi bado wanafua chuma kwa mivukuto ya ngozi, na watoto wataruhusiwa kuvuta moja. Na ukiwa na nusu siku, nenda Old Moshi. Huko ndiko Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, aliponyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine 18, kwa tuhuma za kupanga uasi. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia yake ingali inakitafuta. Mti upo. Mtu anayesimulia pale ni wa ukoo unaohusika au jirani yake, na sauti yake haifanani na ya kitabu. Marealle wa Marangu alikuwa upande wa pili katika mkasa ule, hivyo ukisikiliza Marangu asubuhi na Old Moshi mchana, unasikia familia mbili za mlima mmoja zikisimulia jambo lilelile tofauti. Sijui mahali pengine nchini pa kulipata hilo kwa nauli ya daladala.

Tukuyu nayo imebeba mengi. Wajerumani walikuwa na kituo ufukweni mwa Ziwa Nyasa walichokiita Langenburg. Walipopandisha makao nyanda za juu waliita mji mpya Neu Langenburg, na huo ndio Tukuyu. Boma lao la mawe lingali kazini kama ofisi za halmashauri. Rungwe Misheni, ya Wamoravian, ilianza 1891, na kanisa na majengo yake ya kale yapo chini ya miti mirefu. Ni mahali patulivu sana pa kukaa saa nzima na mama. Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalipanda kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, yakauchukua mji. Kando ya ziwa Masoko kuna majengo ya jeshi la Kijerumani, na wazee husimulia kwamba kabla ya kuondoka askari walizamisha silaha na fedha ziwani. Sarafu za Kijerumani zimewahi kuokotwa ufukweni, kwa hiyo simulizi si ya hewani.

Na Wanyakyusa wenyewe walikuwa na mpangilio wa maisha uliowavuta watafiti Godfrey na Monica Wilson kuja kuishi hapa miaka ya 1930: vijiji vya rika. Wavulana wa umri mmoja walihama makwao wakajenga kijiji chao, wakaoa humo, wakazeeka pamoja. Jaribu kuwaeleza hilo watoto wa leo wakiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Tatizo ni usimulizi. Marangu unampata mtu ambaye kazi yake ni kusimulia, na anaijua. Tukuyu boma ni ofisi yenye foleni ya watu na shida zao. Unafika siku ya kazi, unajitambulisha mapokezi, unaeleza unachotaka, unaonyeshwa kwa ukarimu, lakini hakuna aliyekaa akikusubiri. Dawa yake ni kutafuta mzee kabla hujafika. Ulizia kanisani, ulizia kwa mwenye gesti. Siku niliyotembezwa Rungwe Misheni na mzee mstaafu wa ualimu, nilijifunza zaidi ya safari zangu mbili za mwanzo zikijumlishwa. Shikamoo yako ya kwanza pale ina thamani kuliko kitabu cha mwongozo.

Magoti ya mama

Hapa nilitaka shemeji anisikilize vizuri, maana ndipo safari za familia zinapoharibika.

Ngozi si ya mama. Kutoka Isongole, kwenye barabara kuu ya Mbeya, unaingia ndani kilomita kadhaa mpaka ukingo wa msitu, halafu unapanda kwa miguu. Mwanzo ni laini. Mwisho ni wa kushika mizizi, na kama mvua ilinyesha usiku, utelezi wake ni wa sabuni. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanafika na kujisifu mwaka mzima. Mama abaki.

Lakini Masoko gari linafika karibu na maji, na Daraja la Mungu linatazamwa bila kupanda popote. Maporomoko ya Kaporogwe yana mteremko wa kwenda nyuma ya maji, ambako kuna pango. Wenye miguu washuke, mama akae juu asikilize mngurumo.

Marangu kwa upande huu ina huruma zaidi. Kihamba kinatembelewa polepole, kahawa inatwangwa na kukaangwa mbele yako ukiwa umekaa kwenye kigoda, na Kinukamori, maporomoko yaliyo karibu na Marangu Mtoni, yanaonekana hata bila kushuka mpaka chini. Pale utasimuliwa habari ya binti Makinuka na chui. Mwachie mwenyeji aisimulie. Kilasiya, poromoko jingine, ni zuri zaidi, ila linadai magoti. Kwa Mandara, mama anabaki getini au hotelini, hakuna njia nyingine.

Mvua, yaani kalenda

Nikisema ukweli, hiki ndicho kilichoamua.

Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka mjini. Pepo zinapita juu ya Ziwa Nyasa, zinabeba unyevu, zinagonga milima na kuuacha wote hapo. Mvua inaanza Novemba na kwenda mpaka Mei, na Machi na Aprili njia za vijijini zinageuka uji. Juni na Julai mvua kubwa imekwisha lakini ukungu na manyunyu yapo, na baridi inauma. Ukipanda Ngozi siku ya ukungu utakaa ukingoni ukitazama pamba nyeupe. Kipindi kizuri ni Agosti mpaka Oktoba.

Marangu ina masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya mwisho wa mwaka. Juni ni baridi, mawingu yanakaa chini, lakini shughuli za kihamba, mahandaki na wahunzi hazihitaji anga jeupe. Januari na Februari mlima unaonekana vizuri. Desemba ina jambo lake: Wachagga wote wanarudi nyumbani. Kuanzia tarehe 15 hivi mabasi yamejaa, vyumba vimejaa, bei zimepanda, na barabara ya Himo haipumui. Ukiwa na mwenyeji anayekualika, hiyo ndiyo wiki ya kwenda, maana utaona ukoo mzima umekaa chini ya mgomba na mbuzi anachomwa. Bila mwenyeji, ahirisha.

Njia, vitanda, na yale ya mfukoni

Kutoka Dar mpaka Moshi ni kilomita kama 560. Kutoka Moshi unapanda daladala ya Marangu, inapita Himo na kukushusha Marangu Mtoni. Ni mwendo wa saa moja na kidogo. Wenye ndege wanashukia KIA. Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar. Basi linakula siku nzima, au treni ya TAZARA ambayo ni ndefu zaidi lakini inapita katikati ya wanyama wa Nyerere, au ndege mpaka uwanja wa Songwe. Kutoka Mbeya, kosta za Tukuyu na Kyela zinaanzia Nane Nane, kilomita kama 70 za lami, zinapanda Uporoto na kushuka kwenye chai. Kaa dirisha la kushoto au la kulia, hutojuta. Kwa mtu wa Morogoro tofauti si kubwa kama anavyodhani: yeye tayari yuko kwenye barabara ya Iringa.

Marangu vitanda vipo vya kila aina, kuanzia hosteli mpaka hoteli za zamani zenye bustani. Bei nyingi zimewekwa kwa kumfikiria mzungu anayesubiri kupanda mlima, kwa hiyo usikubali ya kwanza. Uliza bei ya Mtanzania, kwa upole, na karibu kila mara ipo. Getini kanuni ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa: huingii bila kiongozi mwenye leseni hata kama ni safari ya siku moja, ada ya raia ni ya shilingi na ni ndogo mno kuliko ya mgeni, na malipo ni kwa namba ya malipo au kadi. Kitambulisho cha NIDA kisisahaulike. Ukikosa kuthibitisha uraia, hesabu yako inabadilika papo hapo.

Tukuyu ni mji wa gesti na hoteli chache za wastani, bei zake ni za msafiri wa Kyela, siyo za mtalii. Swali moja tu la kuuliza kabla ya kulipa: maji ya moto yapo? Kwa usafiri wa ndani, Marangu unaweza kutembea au kupanda bodaboda kwa vituo vifupi. Tukuyu vivutio viko mbalimbali, hivyo kodi gari la siku nzima na dereva mwenyeji. Kwa watu watano ni nafuu kuliko bodaboda tano, na mama anakaa mbele. Kila kivutio kina kiingilio chake na kijana wa kukuongoza. Patana kabla ya kuanza kutembea, siyo baada. Ngozi usiende bila mwenyeji hata kama njia inaonekana wazi.

Mezani

Kote ni ndizi. Marangu utakula mtori, machalari na kiburu, na wakubwa wataonja mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Aika ndiyo asante. Tukuyu utakula mbalaga, maziwa mgando, na parachichi kubwa za bei ya kutabasamu. Wazee wana kimpumu, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija kutoka kwenye chungu kimoja. Shukrani yao ni ndaga fijo. Kwa kahawa, Marangu. Kwa chai, Tukuyu, na usisahau kusimamisha gari kwenye mashamba ya Katumba.

Siku ya tano ikipatikana

Kutoka Marangu, Ziwa Chala lipo upande wa Rombo, mpakani na Kenya: kasoko yenye maji ya bluu kabisa, na ndilo linaloikomboa Marangu kwa mpenda volkano. Kutoka Tukuyu, shuka Matema. Baada ya siku tatu za sweta unafika kwenye mchanga na joto la Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama ukutani, na vyungu vya Wakisi vimepangwa kwa ajili ya soko. Hifadhi ya Kitulo nayo ipo upande ule, lakini maua yake huchanua wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili, wakati ambao Ngozi haipandiki vizuri. Huwezi kuvipata vyote kwa safari moja, chagua.

Nilichomjibu shemeji

Nilimwambia hivi. Mkienda Juni, likizo ndefu, nendeni Marangu: mama atapata kihamba, kahawa na simulizi, watoto watapata mahandaki, wahunzi na Maundi, na wewe utapata Chala siku ya mwisho. Mkiweza kungoja likizo fupi ya Septemba, nendeni Tukuyu. Siku ya kwanza Rungwe Misheni na boma. Ya pili wewe na watoto Ngozi, mama na dada sokoni Kiwira. Ya tatu Daraja la Mungu na Kijungu. Ya nne Masoko wote pamoja.

Kama ingekuwa yeye na dada yangu peke yao bila watoto wala mama, na ni mara yao ya kwanza kutoka, ningesema Marangu bila kufikiri. Kama ingekuwa mwalimu na darasa zima, Tukuyu, na ningeomba nafasi kwenye basi.

Jana alipiga tena. Ni Septemba. Ameshaongea na mwenye gari, mama ameshauliza kama ibada ya Jumapili Rungwe inaanza saa ngapi, na mtoto wa darasa la tano ameandaa ndoo ndogo ya kujaribia mawe yanayoelea. Aliniuliza kama mwezi huo kwa kuwa ni kiangazi waache makoti ya mvua nyumbani. Nikamwambia Tukuyu ni Tukuyu, abebe matano.